Mshale Wako, Sufuria Yangu

Nashipai wangu,

Barua hii utaikuta ndani ya buti lako la kushoto. Nimeiweka huko kwa sababu nakujua. Ningekuandikia kwa simu ungesoma nusu, unirudishie kile kikatuni cha moyo mwekundu, mambo yaishe. Buti lazima ulivae.

Nimefunga bucha mapema leo. Wateja nimewaambia binti yangu anaondoka kesho asubuhi, na wote wamenitakia heri isipokuwa yule mzee wa maini, ambaye ameuliza sasa yeye atakula nini. Wewe umeenda Rongai kumuaga shangazi yako, na kwa vile ni Ijumaa na ni barabara ya Magadi, najua niko na muda wa kutosha. Nimekaa mezani hapa jikoni. Sufuria iko motoni. Kupitia mlangoni naona begi lako limeachwa wazi kitandani, na sanduku la upinde limeegemea ukuta. Kila kitu kiko tayari isipokuwa vitu viwili: nguo zako za kuwindia, na baraka za Koko, mama mkwe wangu. Hizo nguo nitakuambia ziko wapi. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Mambo ya kula vizuri na kuvaa sweta sitaandika. Wewe ni mtu mzima, baridi ikikupiga utajua. Hata ya wanaume sitaandika. Tuliyaongea ukacheka mpaka ukateleza kwenye kiti, nikajua umesikia. Nitaandika yale niliyoyajua kwa kuyakosea, maana hayo hakuna mwingine wa kukuambia.

Upinde uliupata kwetu, Ukambani. Baba yako atabisha, atasema kwao pia kuna watu wenye shabaha, lakini wao ni watu wa mkuki na rungu, mwache. Aliyekutia huo ugonjwa ni babu yako, baba yangu, Mungu amlaze pema. Ulikuwa darasa la nne, likizo ya Agosti, ukaenda Machakos msichana wa kawaida ukarudi na kigumba mfukoni. Alikuwa akichomeka papai juu ya mti wa uzio, anakupa ule upinde mdogo aliokuchongea, anakwambia vuta. Unavuta mpaka mkono unatetemeka. Halafu anakwambia rudisha. Rudisha kamba polepole, mshale ukiwa pale pale. Vuta tena. Rudisha tena. Jioni ukanikujia mbio, machozi na kamasi, "Mama, Babu ananinyima kurusha!" Nami nikamwendea, nikamwambia, baba, si umwache mtoto arushe hata mmoja? Akanijibu bila kunitazama, "Kuachia hata nyani anaweza. Namfundisha kuvuta na kurudisha."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

Miaka yote hii nimekuangalia nyuma ya bucha, na huo upinde wako wa siku hizi wenye puli kama za kisima, ukipiga magoti, ukikaa kwenye kile kigoda kana kwamba uko ndani ya kibanda cha kuvizia, unavuta, unakaa, unahesabu pumzi, unarudisha. Mama wa mboga aliniuliza, "Huyu mtoto wako mbona analenga tu harushi? Ameishiwa na mishale?" Nikamwambia anafanya mazoezi ya kutorusha. Akanitazama akaenda zake.

Na kitu kingine nilichokupa mimi mwenyewe, tusisingizie Babu, ni moyo. Moyo wa ng'ombe, nasema. Si unakumbuka siku ulichukua kalamu ya wino ukachora duara kwenye ubavu wa ng'ombe aliyening'inia dirishani, ukiniuliza, hapa? Nikakwambia shuka, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, chini hapo ndipo moyo unakaa, na mapafu yanaufunika pande zote. Ukichoma mbele sana unagonga bega, ni mfupa kama ukuta. Ukichoma nyuma sana umeingia tumboni, na huyo mnyama atakwenda akateseke mbali na wewe. Ukachora, ukafuta, ukachora. Wateja wakaingia wakakuta ng'ombe amechorwa kama ramani ya kaunti. Niliuza huo ubavu kwa bei ya chini na wino wake, na sijawahi kufurahi hivyo kwa hasara.

Kwa hivyo barua ilipokuja kutoka Namibia kwamba ile ranchi imekukubali mwaka mzima ujifunze kuongoza wawindaji wa upinde, mimi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimepata mjukuu. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, na ni sawa tu. Kule wana vibali na hesabu zao. Wakasema kabla hawajakukabidhi mgeni umwongoze, wewe mwenyewe lazima umpate mnyama mmoja mkubwa kwa mshale. Wakatuma picha: pofu dume, mwili kama fahali wa maonyesho, shingo imening'inia kama pazia, pembe zimejisokota. Ukaibandika kwenye friji yangu. Kila nikitoa maziwa tunatazamana.

Kisha ikaja ile Jumapili ya maombi ya kukuaga.

Ulikuwepo, lakini acha niseme, kwa sababu usiku ule hukulala na mimi pia sikulala. Pasta alishaomba, wajomba walishasema, kila mtu ameshiba. Zamu ya Koko ikafika, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kukutemea baraka kichwani, ndivyo wanavyobariki kwao. Akasimama na fimbo yake. Akasema kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza, "Mjukuu wangu simzuii kusafiri. Lakini sijui maneno ya kumbariki mtu anayekwenda kuishi kama watu wasio na ng'ombe." Akaketi. Hata yule mtoto wa jirani akaacha kulia.

Kwa Wamaasai hilo si neno dogo. Kuwinda ni kazi ya maskini wa mwisho, yule ambaye ng'ombe wake wote wamekufa. Anayekula nyama ya porini ametangaza kwamba hana kitu. Baba yako alijaribu kusema ni masomo, ni kazi, ni mambo ya kisasa. Koko akamtazama kama anatazama mbuzi anayelia. Wewe ukanifuata jikoni ukaniambia, "Mathe, bila Koko siendi." Nikakwambia usinichekeshe. Hukucheka. Na begi likakaa chini ya kitanda, hulitoi, mpaka juzi nilipolitoa mimi.

Sasa nirudi nyuma, kabla hujazaliwa, kwa sababu niliamini kosa ni langu.

Hadithi ya kongoni umeisikia kwenye kila harusi, baba yako akiisimulia watu wanashika mbavu. Lakini yeye huacha kipande. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu. Babu yako alikuwa kibarua kwenye ranchi moja upande wa Athi, siku zile ambapo ranchi kama hizo zilikuwa na kibali cha kuuza nyama ya porini, ruhusa ambayo haipo tena. Akaniletea paja zima la kongoni, zawadi ya bibi harusi. Nami, mjanja wa Ukambani, nikasema leo mama mkwe anakuja mara ya kwanza, atanijua. Nikalipika na nyanya na dania, nikalisimamia tangu asubuhi. Koko akala. Akala sahani ya pili. Akaramba kidole, akaniuliza, "Huyu ng'ombe alilishwa wapi?"

Nikamwita mama kwa Kimaa, nikamjibu kwa fahari kabisa, "Si ng'ombe, Yeyo. Ni kongoni!"

Hapo ndipo baba yako huiga Koko alivyotoka mbio hadi nyuma ya choo, na watu wanacheka. Na kweli alitoka. Kipande anachoacha ni kwamba aliporudi, amejifuta mdomo, macho mekundu, akaniambia, "Mimi si mtu asiye na ng'ombe." Nami nikacheka. Sikucheka kwa ubaya, nilikuwa naogopa, unajua mimi nikiogopa nacheka. Lakini kicheko kikatoka, na nyuma yake nikaachilia neno: "Si umekula sahani mbili, Yeyo?" Mbele ya mawifi wote.

Nashipai, kuna mambo mtu angeyarudisha kama kamba ya upinde. Lile lilikuwa limeshatoka.

Tangu siku hiyo Koko anakuja hapa, anakaa, anakunywa chai, na maziwa yake amebeba mwenyewe kwenye kibuyu. Nyama hagusi. Nusu ya Kitengela inakula nyama ya kutoka mkononi mwangu, watu wanatoka Isinya na Kimuka kuja kununua mbavu kwangu, na mama mkwe wangu anakunywa chai ya maziwa yake na kuniambia ameshiba. Mimi nikawa namtumia salamu kupitia baba yako. Mpelekee sukari. Mwambie nitakuja. Sikukuu namnunulia leso nampa mtoto ampelekee. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda mwenyewe nikaketi naye. Nikawa na bucha, nikawa na nyinyi, nikawa na sababu.

Wewe ulinieleza siku moja, unapaka nta kwenye kamba yako, kwamba mwenye bunduki anaweza kuwa mbali, mnyama hata asijue kuna mtu. Lakini mwenye upinde lazima afike karibu, mpaka anaona mnyama akipepesa macho. Ukasema ndiyo sababu unaupenda. Nikaitikia tu, nilikuwa napima matumbo. Lakini lile neno lilinifuata mpaka kitandani.

Basi wiki iliyopita, siku niliyokwambia naenda kwa daktari wa meno, meno yangu ni mazima. Nilikwenda Isinya kwa Koko.

Sikumwambia mtu, hata baba yako, maana angetaka kunisindikiza na angeanza kuongea kabla yangu. Nikabeba sukari na majani chai. Pale karibu na mashamba ya maua njia imebadilika, kila mahali wameweka nguzo za ploti, nikapotea mara mbili kwenye uwanda ambao nimeolewa ndani yake. Haya, ndio mimi. Nikamkuta Koko bomani ameinamia ndama mgonjwa, anampaka dawa kwenye jicho.

"Takwenya," akanisalimu bila kuinuka.

"Iko, Yeyo."

"Shika hicho kichwa."

Nikaweka sukari chini nikashika kichwa cha ndama. Tukafanya kazi. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani, nzuri, yenye Biblia ndani. Yote ikapotea. Nikajikuta nasema tu, "Yeyo, siku ile nilicheka. Haikuwa ya kuchekwa."

Akaendelea kupaka dawa. Nikadhani hakusikia. Halafu akasema, "Ile nyama niliisahau mwaka ule ule. Hata ilikuwa tamu. Kicheko ndicho sikusahau."

"Najua."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto mwenye mdomo."

"Mdomo bado uko nao," akasema, na nikaona shavu lake linacheza kidogo.

Basi nikalia, nifanye nini. Mikono yangu yote imeshika ndama, siwezi hata kujifuta, nikafuta pua kwa manyoya yake. Koko akanipa ncha ya shuka lake. Mwanangu, miaka yote hiyo nilidhani kuna jabali kati yetu, kumbe palikuwa na umbali wa mtu kuinuka na kwenda.

Tulipoingia kwake akachemsha chai, nikamweleza habari zako. Nikamweleza unavyovuta na kurudisha. Nikamweleza na ule msiba wa nguo, maana nilitaka acheke hata mara moja. Unajua mwenyewe: wewe uliniambia nizifue kwa maji matupu, mnyama asisikie harufu ya sabuni. Nami kwa mapenzi yangu nikazitia ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, nikazipiga pasi, nikakuletea zimekunjwa kama za bwana harusi. Ulizinusa ukakaa chini sakafuni. "Mathe, huyu pofu atanisikia akiwa Botswana!" Nikazifua tena na tena, nikazianika, lakini wapi. Bado zilikuwa zinanuka kama ofisi ya gavana.

Koko alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akanigeukia ghafla.

"Umesema mnyama gani?"

"Pofu."

"Osirua?" Akachora pembe hewani kwa vidole viwili, akashika shingo yake akaivuta chini, hivi, inayoning'inia.

"Huyo huyo. Picha iko kwenye friji."

Akashusha mkono. "Mbona hakuna mtu aliniambia?"

Na ni kweli, Nashipai. Hakuna aliyemwambia. Wewe ulisema "mnyama mkubwa". Baba yako alisema "kazi ya wanyama". Pasta aliomba dhidi ya simba. Na friji yangu Koko haikaribii, kwa sababu anaogopa kilichomo. Sisi wote tuna simu za kuongea na dunia nzima, na mwenye haki ya kujua tukamwambia nusu. Mimi hapo nilikuwa narudia kosa lile lile la kongoni. Kuuliza si ujinga, wanasema, na sikuwahi kumuuliza mama wa watu nini kinaliwa kwao na nini hakiliwi, nami ni mwenye bucha!

Ndipo akanieleza. Kwamba wanyama wote wa porini wao hawali, lakini osirua alikuwa analiwa, wazee walimla mwaka wa njaa bila kuona haya, kwa sababu si mnyama wa porini haswa. Ana shingo ya ng'ombe, ana kwato za ng'ombe, anatembea kama ng'ombe. "Ni ng'ombe aliyekataa kuingia bomani," akasema. Akasema nyati pia. Kisha akakaa akifikiri, na mimi nikanyamaza. Mdomo wangu, ulionyamaza! Ungekuwepo ungepiga picha.

Sikuambiwa ndiyo. Nilitamani kumuuliza, sasa utambariki? Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikalivuta, nikalishika, nikalirudisha. Hapo ndipo nilimwelewa baba yangu, mbele ya moto wa mtu mwingine, na yeye ameshazikwa.

Niliposimama kuondoka Koko akasema, "Hizo nguo zinazonuka maua. Niletee."

"Za nini, Yeyo?"

"Nimesema niletee."

Kesho yake nikampelekea. Kwa hivyo sasa unajua. Nguo zako za madoadoa, suruali mbili, shati, koti na hata kofia, haziko kwa fundi kama nilivyokudanganya, wala hazikusahaulika kwenye kamba. Nilimpa Koko. Na tangu siku hiyo sijasikia neno. Simu yake imezimwa. Baba yako anasema huwa anaichaji kwa jirani akikumbuka. Kila ukiniuliza "Mathe, nguo ziko wapi?" nazua uongo mwingine. Huenda amezichoma. Huenda ameamua ukikosa nguo hutaenda. Ndege ni kesho, na mimi nimekaa hapa napika mchuzi nisiojua ni wa nani, na wewe huna nguo wala baraka, na aliyezitoa zote mbili mlangoni ni mamako.

Lakini nataka ujue, nikiandika hivi kabla sijajua mwisho wake, ningezipeleka tena. Kwenda karibu na mtu kuna hatari yake. Mbali nilikuwa nimeshakaa vya kutosha.

Mbwa wanabweka. Ngoja.

*

Nimerudi. Wewe umelala. Hapana, hujalala, nakusikia unacheka na Koko kule chumbani, lakini mlango umefungwa na nimeambiwa nisiingie. Nitaandika haraka kabla sijasahau, ingawa ulikuwepo, maana ulikuwa unaruka ruka kama mbuzi na najua kuna vitu hukuona.

Hukuona bodaboda ilivyoingia. Koko nyuma, amenyooka kama bibi wa mkoloni, gunia mapajani. Na yule kijana wa pikipiki amegeuza uso upande, kama mtu anayeendesha huku hataki kupumua. Aliponiona akasema, "Mama, huyu nyanya amebeba nini? Nimenukiwa tangu Isinya." Koko akamwambia, "Amebeba mali. Wewe huijui."

Ndipo wewe ukatokea barabarani kutoka Rongai, ukamwona, ukaachia mkoba ukadondoka chini. Hiyo uliiona.

Akaingia moja kwa moja hadi sebuleni, akalifungua gunia, akazimwaga nguo zako juu ya kochi langu la maua. Mungu wangu, harufu! Samadi, moshi, maziwa yaliyolala, jasho la mafahali. Kochi langu halitapona. Kumbe alizitundika ndani ya boma, kwenye miiba, ng'ombe wakazilalia, wakazisugua, wakazipumulia, na asubuhi yeye mwenyewe akawa anazigeuza kama nyama ya kukausha. Wewe ukalichukua koti ukafunika uso mzima, ukavuta pumzi, na ulipotoa uso ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja.

"Koko, hakuna hata ua moja!"

Naye akakushika mabega. Haya maneno wewe uliyasikia kwa Kimaa na huenda kelele zako ziliyafunika, nami baba yako, aliyeingia nyuma yako, amenitafsiria polepole, nikamwomba arudie niandike. Alisema: "Osirua akikunusa asikimbie. Ajue wewe umetoka kwa watu wenye ng'ombe. Na watu wa huko wakikunusa, nao wajue."

Hivyo tu. Baba yako alipomaliza kutafsiri alikwenda nje kuangalia taa ya gari, na hiyo taa haina shida.

Kesho asubuhi atakubariki kwa maziwa, kibuyu chake kiko juu ya meza yangu sasa hivi. Amesema atakutemea kichwani, mikononi na kwenye kamba ya upinde. Ukianza kumwambia habari ya kamba na unyevunyevu, nitakuzaba kofi. Utaipaka nta ukifika.

Lakini kuna jambo ulilikosa kabisa, kwa sababu ulikuwa chumbani unavaa hizo nguo ujitazame kwenye kioo. Koko alikuja jikoni. Peke yake. Nilikuwa naosha vikombe. Akasimama kwenye friji, akaitazama picha ya pofu, akamgusa shingo kwa kidole, akatikisa kichwa kama anayemkubali mtu. Kisha akageuka, akafunua sufuria yangu.

"Hii ni nyama gani?"

Nikaacha vikombe. "Ya ng'ombe, Yeyo. Haki ya Mungu. Nimeuona muhuri wa daktari wa mifugo kwa macho yangu, na pembe zake nimeziona."

"Niwekee."

Nikaweka. Kijiko kikagonga sahani kama kengele. Akaketi hapa hapa ninapoandikia, akala. Nikageukia dirisha nikajifanya natafuta kitu huko nje kwenye giza, maana sikutaka aone uso wangu, na pia, nitasema ukweli, niliogopa nitacheka. Nikasikia kijiko kinakwangua chini. Nikasikia amesukuma sahani.

"Entito ai," akaniita. Msichana wangu. Hajawahi kuniita hivyo, mimi nimekuwa Mama Nashipai tangu ulipozaliwa na kabla ya hapo sikuwa na jina. "Entito ai, wakati mwingine ongeza chumvi."

Kisha akanisukumia sahani nimwekee ya pili.

Basi nenda, mwanangu. Nenda kwa furaha, usinilie uwanjani nami nitajaribu. Kule kibandani utakaa masaa, pofu atatoka vichakani jioni, mkubwa, wa kijivu, mwenye shingo ya ukoo wetu. Utavuta. Akisimama vibaya, rudisha. Akisimama vibaya tena, rudisha tena, hata kama wazungu wanakutazama, hata kama ni siku ya mwisho. Akisimama sawa, unajua mahali, nilikuonyesha mimi. Na ukishamshukuru na kumgawa, Koko anataka kuambiwa wamekula watu wangapi. Piga simu bucha, nitampelekea habari mwenyewe, kwa miguu yangu. Njia sasa naijua.

Wakikuuliza kwenye ndege harufu ni ya nini, waambie ni ya kwenu.

Nguo usizifue.

Mamako,
mwenye kochi lisiloponeka